Picha za mtaani za nyeusi na nyeupe: acha kukimbiza watu, kaa kwenye mwanga usubiri

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye ana kamera, au hata simu tu, ameona picha za mtaani za nyeusi na nyeupe zikamkaa kichwani na sasa anataka kutoka akapige za kwake. Mi nimepita huko. Nimetumia hela kwenye vitu ambavyo havikuhitaji hela, nimefokewa na watu nisiowajua, nimefuta picha nyingi sana, na leo nikijiuliza naona karibu kila kilichonisumbua kilikuwa na chanzo kimoja, nilikuwa natembea mno. Nitafika huko.

Kwanza hili la rangi. Nilianza na wazo ambalo wengi wanaanza nalo, kwamba ukitoa rangi picha inapata uzito. Napiga mtu anapita barabarani, picha haina kitu, naiingiza kwenye programu natoa rangi, navuta kontrasti mpaka mwisho, naongeza chengachenga za kubandika zifanane na za filamu, alafu naiona imekuwa ya kisanii kweli. Baada ya wiki naifungua tena, ni mtu anapita barabarani. Tofauti ni kwamba sasa anapita kwa huzuni.

Rangi inafanya kazi kubwa kwenye picha bila we kujua. Koti jekundu kwenye umati linaweza kubeba picha nzima peke yake, jicho linakwenda pale moja kwa moja. Sasa toa rangi, lile koti linakuwa kijivu cha kati, na ule ukuta wa kijani nyuma yake nao unaweza ukawa kijivu hichohicho, mtu wako anamezwa na ukuta. Hakuna slaida ya kontrasti itakayomtoa pale vizuri. Kinachobaki rangi ikiondoka ni mwanga, umbo, mkao wa mwili na nafasi kati ya kitu na kitu, na kama hivyo vinne havikuwepo wakati unabonyeza, havitakuja ukifika nyumbani.

Kitu kilichonisaidia ni kuweka kamera ionyeshe nyeusi na nyeupe kwenye skrini wakati napiga lakini faili nahifadhi za RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipunguza kitu, kwahiyo naona kijivu papo hapo na rangi zote bado zipo ndani ya faili kama nitazihitaji. Ukipiga JPEG tupu, lile faili la kawaida la picha, ya nyeusi na nyeupe rangi zimeondoka moja kwa moja, na huko mbeleni utazitaka, sio ili uzionyeshe ila ili uchague kijivu kipi kiwe cheusi na kipi kiwe cheupe. Kwa kawaida kompyuta ikigeuza rangi kuwa kijivu inaipa kijani uzito mkubwa zaidi, nyekundu inafuata kwa mbali, bluu inapata kidogo kabisa, ndo maana shati la bluu iliyokolea linatoka karibu jeusi wakati macho yako yaliliona linang'aa.

Alafu kuna watu watakwambia picha ya mtaani ya kweli ni ya nyeusi na nyeupe, rangi ni za matangazo ya biashara. Mi mwenyewe nililisema hilo sana mbele za watu. Filamu ya rangi ya Kodachrome ilitoka 1935, kwahiyo sio kwamba wale wakongwe hawakuwa nayo, ni kwamba ilikuwa ghali, ilihitaji mwanga mwingi, huwezi kuisafisha bafuni kwako, na magazeti mengi yalichapa kwa wino mweusi tu. Walitumia kilichofanya kazi. Mwaka 1976 jumba la sanaa la MoMA kule New York lilipoonyesha picha za rangi za mpiga picha William Eggleston wakosoaji walizishambulia kweli kweli, leo zinafundishwa madarasani. Kwahiyo toa rangi pale mwanga unapobeba picha. Kama picha inabebwa na rangi, iache na rangi yake, hakuna polisi wa hayo mambo.

Sasa vifaa, na hapa ndo hela zilipopotelea. Nilikuwa naogopa watu. Sio woga mdogo, nazungumzia mtu kutoka nyumbani na kamera, anazunguka mchana kutwa, anarudi na picha za milango, baiskeli zilizoegeshwa na paka. Dawa niliyojipa ilikuwa kununua lenzi ndefu ya kuvuta ili niwapige watu kwa mbali wasijue. Ilikuwa nzito, ilikuwa ghali kuliko kamera yenyewe, na kila aliyeiona aligeuka kuniangalia maana mtu mwenye mdomo wa lenzi mrefu hivyo barabarani anaonekana anampeleleza mtu. Na picha zake zilikuwa zinafanana na za kamera za ulinzi, mtu amebandikwa kwenye kilicho nyuma yake, hakuna hewa, hakuna mtaa. Niliiuza kwa hasara.

Picha nyingi za mtaani unazozipenda zimepigwa kwa lenzi ya milimita 28, 35 au 50, namba ikiwa ndogo lenzi inaona pana zaidi. Kamera ya Leica ilipoingia sokoni 1925 na filamu yake ndogo ya milimita 35, kilichowavuta watu kilikuwa udogo wake, mtu anaweza kutembea nayo mfukoni na kupiga bila kusimamisha stendi ya miguu mitatu. Sikuambii ununue Leica, wala usikope kwa ajili hiyo. Simu yako tayari ina lenzi pana inayokaribiana na milimita 24 au 26 na kwa jinsi sensa yake ilivyo ndogo karibu kila kitu kinakuwa kwenye fokasi, yaani nusu ya kazi ishafanywa. We gusa skrini kwenye sehemu yenye mwanga, shikilia mpaka ijifunge, alafu teremsha mwanga kidogo kwa kidole. Hapo umeshakuwa na kamera ya mtaani.

Kwa wenye kamera kubwa, zima fokasi ya otomatiki ujifunze kupima umbali kwa macho. Lenzi ya 28 kwenye sensa kamili (yenye ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35), tundu la lenzi f/8 (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), ukiweka fokasi mita 3 basi kuanzia kama mita moja na nusu mpaka mbali sana vitu vinakuwa safi. Ukiwa na 35 na mpangilio huohuo unapata kama kuanzia mita 2 hadi 7, inatosha pia. Maana yake ni nini, maana yake mtu akifika pale hakuna cha kusubiri kamera itafute fokasi, unabonyeza tu. Spidi ya shata weka 1/250 au 1/500 ya sekunde kwa watu wanaotembea, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande hata 1600 au 3200, kwenye nyeusi na nyeupe zile chenga hazikeri kabisa. Nilikaa muda mrefu nikitetea ISO 100 kana kwamba nitapewa tuzo, huku nusu ya picha zangu watu wana miguu ya ukungu.

Haya, sasa kutembea. Kwa muda mrefu nilidhani picha ya mtaani ni uwindaji. Naona mtu ana kofia nzuri, namfuata, nampita, nageuka, nishachelewa, au nampiga kwa nyuma. Folda yangu ya kipindi kile ni migongo mitupu, migongo ya kila aina, na unaweza kujua kabisa mpigaji alikuwa anahema. Na watu wanahisi wakifuatwa, hata kama hawajageuka. Kelele karibu zote nilizopigiwa zilitoka kipindi hicho.

Kusimama nilianza kwa kuchoka, sio kwa akili. Miguu iliuma nikakaa kwenye ngazi, mbele yangu kulikuwa na upenyo kati ya majengo mawili na jua la alasiri lilikuwa linapita pale linachora mkanda wa mwanga chini, nyuma yake ukuta uko kivulini kabisa. Watu walikuwa wanatoka gizani, wanaingia kwenye ule mkanda hatua mbili tatu, wanapotea tena. Nikapima mwanga kwenye ule mkanda tu, na kila kitu kingine kwenye skrini kikaenda cheusi. Nikaweka fokasi pale pale kwenye mkanda. Baada ya hapo sikugusa kitu, nilikuwa nasubiri tu nani anaingia na anaingiaje. Sikumfuata mtu hata mmoja, wao ndo walikuja kwenye picha.

Kuanzia hapo mambo mengi yakajipanga yenyewe, woga ukiwemo. Ukiwa umesimama mahali na kamera iko usoni tangu zamani, we ni sehemu ya mazingira, anayekuja anakuona kabla hajafika, anaweza kupita pembeni kama hataki na wengi wanadhani unapiga kilichoko nyuma yao. Wengine wanasimama wakupishe, inabidi uwaambie pita tu. Ukishabonyeza usishushe kamera kwa haraka, maana ile haraka ndo inayomwambia mtu kwamba umemwibia kitu. Endelea kuangalia palepale mpaka apite.

Namna ya kupata sehemu: siku ya kwanza nenda bila kupiga. Angalia jua linaingia mtaa upi saa ngapi, maana ule mkanda wa mwanga unahama na ndani ya nusu saa unaweza ukawa umepanda ukutani ukaisha. Angalia majengo ya vioo, yanarudisha jua upande wa pili wa barabara ambao ulitakiwa kuwa kivuli, unapata vipande vya mwanga mahali ambapo havikutarajiwa, na hivyo vinapendeza kuliko jua lenyewe. Baada ya mvua angalia madimbwi. Alafu angalia cha nyuma kabla ya mtu, kama nyuma kuna nguzo, matangazo, gari jeupe limeegeshwa, mtu wako atagombana navyo, sogea hatua mbili mpaka nyuma kuwe kutupu au kuwe na kitu kimoja chenye maana. Mchana wa mawingu yote kijivu mi siku hizi napiga watu kwa karibu au nabaki nyumbani, nimeacha kulazimisha.

Ukishapata sehemu, angalia miguu. Najua inachekesha. Mtu anayetembea kuna sehemu ya hatua miguu imeachana vizuri, na kuna sehemu mguu mmoja umejificha nyuma ya mwingine anaonekana kama amesimama kwa mguu mmoja. Kwenye umbo jeusi bila rangi hiyo ndo tofauti ya picha na takataka. Hivyohivyo mikono iachane na mwili, kichwa kisigongane na mstari wa dirisha, watu wawili wasishikane wakawa donge moja. Ile picha ya Mfaransa Henri Cartier-Bresson ya 1932 ya bwana anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare kule Paris, kisigino kiko karibu kabisa na maji ila hakijagusa, kuna upenyo mwembamba pale kati ya kisigino na kivuli chake majini. Funika ule upenyo kwa kidole uone kama kuna picha.

Na tukiwa hapo, mzee huyo alikuwa anajulikana kwa kutopenda kukata picha pembeni, lakini hiyo hiyo ya dimbwi ameikata, maana alipiga kupitia uwazi wa uzio na upande mmoja uliziba. Kwahiyo mtu akija kukuhubiria kwamba kukropu ni dhambi mwache aendelee.

Mwanga wenyewe sasa, hapa nitakaa kidogo maana ndo penye kazi. Kamera ikipima mwanga inadhani dunia yote ni kijivu cha kati. Ukuta mweupe inaufanya kijivu, koti jeusi inalifanya kijivu. Mtu mwenye ngozi nyeusi akipita mbele ya ukuta mweupe uliopigwa jua, kamera inautii ukuta, na yeye anatoka kivuli kitupu, hana macho hana mdomo. Kama ulitaka kivuli sawa, ila watu wengi wanakubali tu alafu wanaita staili. Mi kuna picha nyingi za sura nzuri ambazo zimeishia kuwa matundu meusi kwa sababu nilikuwa naikubali namba ya kamera. Pima kwenye uso, au kwenye kiganja chako ukiwa kwenye mwanga uleule, alafu funga mpangilio usiuguse tena. Na ngozi nyeusi inataka mwanga wa pembeni, umbo lake linachorwa na ule mng'ao kwenye paji la uso, shavu na pua, jua likimpiga kwa mbele moja kwa moja ule mng'ao unatawanyika uso unakuwa bapa.

Kwenye kuediti ujue ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, rangi yake iko upande wa chungwa na nyekundu. Slaida ya chungwa ndo inabeba sura za watu wote. Ukiipandisha sana ili mtu aonekane, ngozi inapauka kama imepakwa majivu, na ukiishusha sana ili upate ukali, uso wote unafutika. Naigusa kidogo, kisha naifungua kesho yake kabla sijaihifadhi.

Kwa kamera ya dijitali linda weupe. Sehemu iliyoungua ikawa nyeupe kabisa hairudi, wakati kivuli unaweza kukiinua ukakuta bado kuna kitu ndani. Nililizoea hilo mpaka likawa mwilini, alafu nikahamia filamu, na filamu ya negativu, ile inayogeuza mwanga kuwa giza na giza kuwa mwanga, ni kinyume chake. Huko weupe una nafasi kubwa ya kuvumilia, ila kivuli ambacho hakikupata mwanga wa kutosha hakijaandikwa popote, utakikuta utupu. Kwahiyo rola zangu (mikanda ya filamu) za mwanzo, nilizopiga kwa tabia ya dijitali ya kubana mwanga, zilitoka nyepesi kama vioo. Kwenye filamu ukiwa na wasiwasi ongeza mwanga.

Filamu sikuambii uianze mapema. Rola moja ni picha 36, unalipia filamu, unalipia kusafisha, unalipia skana, na bei zinazidi kupanda, alafu kosa ulilofanya Jumatatu unaliona baada ya wiki mbili. Kwa anayejifunza hiyo ni shule ya gharama. Lakini kama moyo umeshaenda huko, chukua filamu ya ISO 400 kama Ilford HP5 Plus au Kodak Tri-X, zinasamehe. Mchana wa jua kali huhitaji hata kipimo, weka f/16 na spidi inayokaribiana na ISO yako, yaani 1/500 kwa filamu ya 400. Kivulini fungua stopu tatu hivi, kila stopu inaongeza mwanga mara mbili. Ukiipandisha filamu ya 400 kwenda 1600, yaani kuipiga kana kwamba ni ya 1600, inawezekana, unaisafisha kwa muda mrefu zaidi, ila kontrasti inapanda na vivuli vinakufa, usishangae.

Kusafisha mwenyewe ndo kulinipunguzia gharama na ni rahisi kuliko watu wanavyotisha. Huhitaji chumba cha giza, unahitaji mfuko mweusi wenye mikono wa kupakia filamu kwenye tangi, kipimajoto, devalopa (dawa ya kutoa picha), fiksa (dawa ya kuifanya picha idumu) na maji. Nyuzi 20, fuata dakika zilizoandikwa kwa filamu yako, usiende kwa kukisia. Fanyia mazoezi ya kuviringisha filamu kwenye rili, ile gurudumu linaloingia ndani ya tangi, kwa rola iliyokufa, mchana, macho wazi, kisha ukiwa umefumba, kabla hujaingiza ya kweli, maana mikono ikianza kutoa jasho ndani ya ule mfuko filamu inanata na hasira zinapanda na hakuna cha kufanya zaidi ya kupumua.

Ukitoa filamu ikawa tupu usilie kwanza, angalia pembeni. Kama namba na maandishi ya kiwandani yapo ila hakuna picha, filamu haikupita kwenye kamera, ilichomoka kwenye mhimili ukawa unapiga hewa. Kinga yake ni kuangalia kile kitufe cha kurudishia filamu, kila ukivuta fremu mpya lazima nacho kizunguke, kisipozunguka simama hapohapo. Kama hata namba hazipo, dawa ndo tatizo, ama devalopa imekufa au umetanguliza fiksa. Na kama imetoka nyeusi yote mpaka kingo, imeungua, mwanga uliingia. Mimi hiyo ya kwanza ilinikuta kwenye rola ya sherehe moja kubwa ya barabarani ambayo sitaipata tena, na nilikuwa nimeshawaahidi watu picha.

Watu sasa. Hata ukisimama vizuri kuna siku mtu atakuja. Mama mmoja alinijia moja kwa moja, "Umenipiga picha?" Nikamjibu "Ndio mama, jinsi ulivyoingia kwenye ule mwanga na mwavuli, angalia." Nikamwonyesha. Akaitazama muda mrefu, akasema futa, nikafuta mbele yake, nikamshukuru. Ilikuwa picha nzuri na iliniuma jioni nzima, lakini ule uso wake wakati natafuta kitufe cha kufuta ulikuwa umeshalegea na tukaagana vizuri. Wengine wakiiona wanacheka wanaomba uwatumie, na hao unapaswa kuwatumia kweli, usiseme nitatuma alafu ukapotea. Kitu kibaya kuliko vyote ni kudanganya kwamba hukumpiga, kwa sababu umempiga na anajua.

Sheria zinatofautiana sana nchi na nchi. Marekani kwa ujumla mtu akiwa sehemu ya wazi unaruhusiwa kumpiga, na mwaka 2006 mahakama moja New York iliitupa kesi dhidi ya mpiga picha Philip-Lorca diCorcia aliyekuwa amepiga wapita njia bila kuwaambia, ikasema ile ni sanaa. Ufaransa mtu ana haki juu ya sura yake na unaweza kujikuta pabaya ukiichapisha. Soma za kwenu kabla ya kutoka, hasa kuhusu majengo ya serikali, madaraja, stesheni na askari. Hata mpiga picha Robert Frank alikamatwa na polisi kwenye jimbo la Arkansas, Marekani, 1955 akiwa safarini na gari lake na kamera, wakamhoji masaa kadhaa kwa sababu tu alionekana mgeni. Ukiulizwa na askari ongea taratibu, eleza, onyesha, ondoka kama umeambiwa ondoka.

Kuna picha ambazo ni halali na bado sipigi. Watoto bila mzazi kujua, hapana. Mtu aliyelala barabarani, hapana, na hili nalisema kwa ukali kidogo maana nyeusi na nyeupe inamfanya maskini aonekane mzuri kwa namna ambayo yeye hafaidiki na chochote, mikunjo ya uso, ndevu, kontrasti, unapata sifa, yeye yuko palepale. Kama unataka kumpiga, kaa naye, ongea, uliza jina, hapo inakuwa kazi nyingine na inachukua muda wake.

Kama uso wa mtu kukuangalia ndo unakuvunja nguvu, shusha kamera kifuani utumie skrini inayokunjuka. Vivian Maier, yule yaya wa Chicago ambaye maboksi ya negativu zake yaliuzwa kwenye mnada 2007 bila mtu kumjua, alikuwa anatumia kamera ya Rolleiflex ambayo unaitazama kwa juu, kichwa kimeinama. Mtu hakuoni ukimkazia macho. Inapunguza presha pande zote mbili, na watu wanatokea warefu kidogo, wana heshima.

Kuchagua picha nako ni kusubiri. Usiku wa siku hiyohiyo kila picha inapendeza maana bado unakumbuka jua, sauti, jinsi ulivyobahatika. Mpiga picha wa mtaani Garry Winogrand alikuwa anaziacha filamu zake zikae mwaka au zaidi kabla ya kuzisafisha ili asahau alivyojisikia siku ile. Alipofariki 1984 aliacha rola kama 2,500 hazijasafishwa, kwahiyo usiige mpaka huko, ila wiki tatu nne inatosha kuua mapenzi. Ukirudi utakuta ile uliyoipenda ni ya kawaida, na kuna moja uliruka ambayo inakuangalia. Na uwe mkatili, Robert Frank katika safari yake ile ya Marekani alipiga picha zaidi ya 27,000, kwenye kitabu chake zikaingia 83. Mi nachapa ndogondogo za bei rahisi kabisa, natandaza sakafuni, kila ninapopita naangalia, ile inayonichosha naigeuza. Alafu namwita mtu ambaye hapigi picha, simwambii chochote, naangalia macho yake yanasimama wapi. Wapiga picha wenzako watakwambia kuhusu lenzi.

Usiku bado unanisumbua, nasema wazi. Ninachojua mpaka sasa ni kwamba kanuni haibadiliki, tafuta mwanga kwanza, dirisha la duka lenye taa, taa ya kituo cha basi, taa za gari zinazokuja wakati wa mvua, simama pembeni mtu apite kati yako na taa au taa impige ubavuni. f/2, 1/125, ISO 3200, fokasi imefungwa kwenye umbali mmoja, na hapo usitegemee ile nafasi ya mita nyingi niliyoitaja juu kwa sababu tundu likifunguliwa hivyo unabaki na upana mdogo sana, mtu akipita nusu mita mbele ya pale ulipopima ameshatoka kwenye fokasi. Chagua ufa wa sakafu au mfuniko wa chemba, pima mpaka pale, ubonyeze akikanyaga. Flashi nimeijaribu, watu wanashtuka na mi nashtuka zaidi, nimeiweka kabatini kwa sasa.